Vazi la Hariri na Mikorosho Minne

Nilikaa miaka sita kwenye baraza la kata hapa Bagamoyo, na kesi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ya mikorosho minne. Walioigombania ni mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo, shamba moja la urithi upande wa Kiromo. Tangu habari za kujengwa bandari Mbegani zianze kuvuma mwaka 2013, kila mpaka huku umekuwa kidonda. Tulipima kwa kamba, tukaita wazee, tukaandika hati, wakatia dole gumba. Wiki ya pili mikorosho miwili ikakutwa imekatwa usiku.

Mwaka 2021 sheria ikayaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Ikabaki kazi ya kusuluhisha tu. Tukishindwa, tunathibitisha kwa maandishi na wahusika wanakwenda baraza la ardhi la wilaya. Wenzangu walinuna. Mimi sikununa, maana hata hukumu zetu za zamani ziliishia kwenye daftari.

Wakati huo nilikuwa nasoma, kwa Kiingereza, hadithi ya kale ya Iceland iitwayo Njál. Kisiwa hicho, tangu mwaka 930 hadi 1262, kilikuwa na sheria na mkutano mkuu wa kila mwaka, lakini hakikuwa na mfalme wala askari. Ukishinda kesi, kuitekeleza ni juu yako na ndugu zako. Nikasema, hili si baraza letu la kata hili!

Katika hadithi hiyo, wake wa marafiki wawili, Njál na Gunnar, waligombea nafasi ya kukaa kwenye karamu. Anayezijua shughuli za pwani hatashangaa. Wakaanza kuuliana watumishi, na waume wakawa wanalipana: mfuko wa wakia 12 za fedha uliolipia maiti ya kwanza ukarudi ulikotoka kulipia ya pili. Urafiki wa waume ulihimili yote hayo. Ulimi ndio ulioharibu. Njál hakuota ndevu, na mke wa Gunnar akatangaza kwamba wana wa Njál wameotesha zao kwa samadi.

Miaka ikapita, damu nyingine ikamwagika. Diya ikapangwa mara tatu ya kawaida, fedha ikarundikwa mbele ya watu, na Njál akaweka juu yake vazi la hariri. Flosi, mpokeaji, akalinyanyua, akauliza nani kalitoa, akamkejeli mzee asiye na ndevu. Mwana wa Njál akamrudishia tusi zito zaidi. Flosi akalipiga teke rundo lile. Baadaye Njál, mkewe na wana watatu wakafa nyumba yao ilipochomwa moto. Na hao ni watu ambao sheria yao ilikuwa kali hata kwa aliyetunga beti za kumdhihaki mwenzake!

Sisi tuna mtu aliyeruhusiwa kutukana. Wazaramo na Wakwere ni watani wa Wanyamwezi na Wasukuma, utani uliokomaa enzi za misafara iliyoshuka Bagamoyo na pembe za ndovu kutoka bara. Nyanya wa wale ndugu wa mikorosho alipofariki, walikaa majamvi mbalimbali. Jeneza linatoka, mtani wao, Msukuma fundi baiskeli, akajilaza njiani. Hapiti mtu, akasema, mpaka wakata mikorosho hawa wawili wanilipe, tena kwa mkono mmoja. Marehemu kanilalamikia jana kwamba ameacha wajukuu wanaotafuna miti kama mbuzi.

Ningeyasema mimi maneno hayo, ningeshtakiwa. Watu walicheka msibani. Mmoja wa wale ndugu alikuwa na noti ya elfu kumi tu, ikabidi amwombe mwenzake chenji. Yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miezi minane.

Najua wapo watani wanaofuata ubwabwa tu, na vijana wengi wa Bunju na Mapinga hawajui hata kabila gani ni watani wao. Lakini baraza letu lina katibu, muhuri na daftari, na bado linamwacha nje mtu pekee anayeweza kumwambia kila upande upuuzi wake bila kuzaa kisasi. Ndugu zangu wenyeviti, mkiita pande mbili ofisini, ulizeni kwanza watani wao ni akina nani, na muwawekee kiti.

Mikorosho miwili iliyobaki wanaivuna kwa zamu.