Tuta la Mbita na Tuta la Makupa

Atokaye Kisumu kwenda magharibi hufika Kisian kabla hajachoka. Hapo barabara hugawika: moja yaenda Maseno na Busia, ya pili yaenda Bondo. Nilikuwa peke yangu, sina wa kunihimiza wala wa kunizuia, nikashika hii ya pili mpaka Luanda Kotieno, nikapanda feri ya Mbita. Wenzangu wa Mombasa wasidhani ni kama ya Likoni. Hii hata mwenda kwa miguu hulipa nauli, na safari yenyewe yamtosha mtu kusinzia na kuamka.

Mbita ni mji mdogo uliokaa ubavuni mwa mlima wa moto uliozimika zamani sana, ambao wataalamu huuita Kisingiri. Milima ya Gembe na Gwasi ni mabaki yake. Majivu yake yalifunika mahali palipo leo kisiwa cha Rusinga, ng'ambo tu ya mji, yakahifadhi mifupa ya kale. Na mwaka 1948 Mary Leakey akapata huko fuvu la kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Wageni huja kwa hayo, na kwa kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 akazikwa kwao Rusinga. Nami nilizuru kaburi. Lakini kilichonishika zaidi ni yale maji membamba baina ya mji na kisiwa.

Katika miaka ya 1980 mlango huo wa maji ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo, magari yapate kuvuka. Yakavuka. Maji, kwa upande wao, yakakosa njia: yakatuama, na magugu yakapata pa kukaa. Mzee mmoja mvuvi aliniambia kwamba tangu siku hiyo, mwenye mtumbwi aliyetaka kutoka ghubani kwenda ziwa kuu ilimbidi akizunguke kisiwa kizima. Aliposikia natoka Mombasa akaniuliza, "Na nyinyi kwenu, ndugu yangu, mlizibiwa?"

Nikacheka, kisha cheko likanikauka. Kwani tuta la Makupa lilikuwa nini? Lilijengwa enzi ya Mwingereza, nalo likayatenga maji ya hori ya Tudor na yale ya Port Reitz. Sisi tulikuwa tukipita juu yake kila siku, tukitazama magari ya mbele. Daraja la kuyafungulia maji lilikuja kufunguliwa mwaka 2022. Mbita walitangulia kupata lao, na sasa mitumbwi hupita chini yake.

Simlaumu aliyetaka barabara. Mgonjwa wa Rusinga hawezi kungoja upepo utulie ndipo apelekwe hospitali, na Mombasa bila njia ya bara ingekula nini? Ninachokilalamikia ni hesabu. Penye tuta huhesabiwa mawe, malori na masiku ya kazi. Mapito ya samaki na mafuta anayoyachoma mvuvi akizunguka kisiwa hayamo daftarini. Kisha, baada ya miaka, serikali hujenga daraja kwa fedha nyingi kuliko za tuta, na sote tukapiga makofi kana kwamba tumepewa kitu kipya, ilhali ni maji yetu yale yale tuliyorudishiwa.

Lamu walikataa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe shilingi bilioni 1.76. Basi kumbe hasara ya mvuvi yaweza kuhesabiwa, akipatikana wa kuidai.

Nilimweleza yule mzee habari hiyo. Akataka kujua wavuvi wa Tudor nao walilipwa ngapi kwa miaka yao yote ile. Nilikuwa sina jibu, na feri ya kurudi ilikuwa imekwisha kupiga honi.