Mbele ya kumuachia nkambo mtoto, tuzungumze naye kwanza

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliokimbia kwenu mkafikia hapa Likasi, leo nina neno juu ya watoto tunaowaacha kwa nkambo zao.

Ni jambo la kila siku. Baba anaenda kuchimba Kambove ao Kolwezi, mama anamufuata kuuza chakula, mtoto anabaki Kikula kwa nkambo. Siwalaumu. Kumpeleka mtoto kwenye karyeri ni kubaya zaidi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtumikisha kazi za hatari. Shida ni namna tunavyomwacha. Mama anafika jioni na mfuko wa nguo, anasema anarudi juma lijalo, asubuhi amekwisha kupanda gari. Nkambo hakuulizwa kama ana nguvu ya kubeba bidoni za maji ya watu watatu zaidi. Na nani atakataa mjukuu wake?

Halafu usiku mtoto anashikwa na homa. Kwenye kituo cha afya wanauliza kadi ya chanjo, wanauliza mzazi ni nani na nani atalipa. Simu ya baba haipatikani. Sheria ya familia inaweka mamlaka ya mtoto mikononi mwa baba na mama. Nkambo haipati kwa sababu ya damu tu.

Kwa hiyo tuandike karatasi. Majina kamili ya mtoto, ya wazazi na ya nkambo, namba za simu, mahali mzazi anaenda, na ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali na masomo. Wote watie sahihi mbele ya mkuu wa mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Najua wengine watasema karatasi kati ya mama na binti yake ni matusi. Mimi sioni hivyo: inamkinga mzee siku watu watakapomuuliza mtoto huyu ni wa nani.

Tuzungumze pia feza. Masomo ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini daftari, unga, makala na sabuni si vya bure.

Kwa familia zilizohama, safari fupi hurefuka. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, wengine kwa miezi. Mfundisheni mtoto majina yenu yote na jina la kijiji chenu. Kama nkambo wa damu alibaki mbali, na mnamwachia mama mzee jirani, karatasi ile inahitajika mara mbili.

Tena mwambieni mtoto mwenyewe, akiwa macho. Msiondoke amelala.