Bango Kubwa, Ukuta Mbovu: Gharama Inayosahaulika

USHINDANI wa biashara umewafunza wenye maduka wa Kariakoo jijini Dar es Salaam jambo moja: duka lisilosomeka kutoka ng'ambo ya barabara ni kama halipo. Tangu masharti ya biashara yaanze kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, kibao cha mbao kilichoandikwa kwa brashi kimekuwa kikilipisha bango la bati, na bati nalo linalipisha bango la aluminiamu lenye taa. Fedha inayotumika si ndogo. Kinachosikitisha ni kwamba sehemu kubwa yake huishia kwenye sura ya bango, na ukuta unaolibeba haukumbukwi.

Mteja anapofika kwa mtengenezaji wa mabango huulizwa urefu, upana, rangi na maandishi. Bei hutajwa kufuatana na ukubwa. Ada ya bango inayotozwa na mamlaka nayo hupimwa kwa ukubwa. Ni nadra mtu kuuliza kama ukuta umenyooka, au umejengwa kwa kitu gani. Bila majibu ya maswali hayo mawili, bei iliyotajwa ni nusu ya bei.

Kuta za mbele za maduka ya zamani zina historia ndefu. Mwenye nyumba alipiga lipu juu ya lipu, dirisha likazibwa, mlango ukapanuliwa, na kila fundi aliacha alama yake. Katika ukuta wa namna hiyo, kwenye urefu wa mita 6, si ajabu kukuta tumbo lililojitokeza na bonde lililozama, tofauti yake ikiwa sentimita 3 au 4.

Fundi mwenye haraka hulibandika bango moja kwa moja ukutani, kisha anakaza boliti mpaka linyooke. Lakini ukuta haunyooki. Kinachopinda ni bango. Bapa la aluminiamu hufuata mabonde, na taa zikiwashwa jioni kila wimbi linaonekana. Hilo ni la sura tu. Baya zaidi ni kwamba boliti iliyokazwa juu ya bonde inavutwa mchana na usiku. Lipu inapasuka taratibu, tundu linatanuka, maji ya mvua yanaingia, na katika miji ya pwani hewa ya chumvi inaharakisha kutu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bango la mita 6 kwa mita 1.2 lina mita za mraba 7.2. Bapa la aluminiamu la milimita 4, lenye plastiki katikati, lina uzito wa kilo 5.5 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hiyo bango zima ni kilo 40. Ukiongeza fremu ya chuma, herufi na taa, hazipungui kilo 70. Upepo wa kilomita 72 kwa saa nao unaposukuma uso wa ukubwa huo unaleta nguvu inayokaribia uzito wa kilo 170. Nguvu hiyo yote inashikwa na boliti chache, na boliti hizo zinashikwa na ukuta ambao hakuna aliyeupima.

Dawa yake inajulikana na mafundi wazuri, wala si ya gharama ya kutisha. Kamba inavutwa toka ncha hadi ncha ya mahali pa bango, na nafasi kati ya kamba na ukuta inapimwa kila baada ya sentimita 60. Hapo tumbo linajulikana, na bonde linajulikana. Kisha fremu ya chuma inatangulia kufungwa peke yake. Inagusa ukuta pale palipojitokeza zaidi. Kwingine kote vinawekwa vipande vya chuma au plastiki ngumu, kila kimoja kwa unene wa pengo lake. Vipande vya mbao havifai, kwa sababu vinaoza na kusinyaa. Pima maji na timazi zikikubali, ndipo uso wa bango unapandishwa. Ukuta unabaki na ubovu wake, bango linanyooka, na upenyo wa nyuma unaruhusu ukuta kukauka baada ya mvua.

Jambo la pili ni mahali boliti inaposhika. Lipu yenye unene wa milimita 25 haibebi kitu. Urefu wa boliti uhesabiwe kuanzia kwenye tofali. Tofali lenye uwazi ndani hupasuka likifungwa boliti ya kutanuka, hivyo ni afadhali kutafuta nguzo au mkanda wa zege, ama kupitisha boliti mpaka ndani na kuiwekea bamba la chuma. Kwa kuta za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mombasa, tahadhari iwe kubwa zaidi, na kibali cha wahifadhi kitangulie.

Hata hivyo, tatizo la msingi si ufundi. Ni swali la nani alipe. Mpangaji amekwisha toa kilemba na kodi ya miezi mingi mbele. Haoni sababu ya kukarabati ukuta wa mtu. Mwenye nyumba naye haoni sababu ya kugharimia bango la mtu. Ukuta unabaki yatima kati ya wawili hao, na anayepita chini yake, awe mteja, mchuuzi au mama lishe, hakuulizwa. Likianguka, mwenye duka anaweza kujikuta mahakamani akidaiwa fidia inayozidi mara nyingi bei ya boliti alizozikwepa.

Wapo watakaosema kwamba biashara ya Kariakoo ni ya kuhamahama, na hakuna haja ya kuzika fedha katika ukuta usio wako. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fedha ingezikwa. Fremu iliyofungwa kwa boliti hufunguliwa na kuhama na mwenyewe. Kinachobaki ukutani ni matundu. Bango lililopindishwa kufuata ukuta mmoja, kinyume chake, halifai ukuta mwingine.

Linalopasa kufanyika ni mabadiliko ya mapatano. Mtengenezaji aende kuuona na kuupima ukuta kabla ya kutaja bei. Gharama ya kufunga iandikwe mbali na gharama ya bango, ikionyesha aina na idadi ya boliti. Mteja abakize sehemu ya malipo hadi mvua za kwanza zipite na boliti zikaguliwe tena. Mkataba wa pango nao useme wazi ni sehemu gani ya ukuta inaruhusiwa kubeba mzigo.

Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, mazungumzo yalikuwa juu ya misingi na nguzo, na ilistahili. Lakini hatari haikai chini peke yake. Rahisi huvunja upishi, na anayepanga kuagiza bango wiki ijayo angefanya vema kuanza na kamba na misumari miwili.