*SIKOSELI HAINA MPAKA*

*TAWI LA KIRUMBA: NENO LA KATIBU MWENEZI*

Ndugu wanachama,

Dagaa wa Mwaloni wanafika Uganda, Burundi na Kongo. Sikoseli nayo haina mpaka. Mwaka 1954 Dkt. Anthony Allison alionyesha, kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki, kwamba anayerithi sikoseli kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Anayerithi kwa wote wawili, huugua.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba vya ugonjwa huu. Bei ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja! Damu yetu ilifundisha dunia, lakini tiba hatuimudu.

*Msimamo wetu:*
1. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zijadili bei kwa pamoja. Nchi moja moja hatutasikilizwa.
2. Wakati tunasubiri, zinunue kwa pamoja haidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu.
3. Taarifa za vinasaba vya wananchi zisitoke bila makubaliano ya tutakachopata.

MUHAS tayari inashirikiana na Ghana na Nigeria kwenye rejesta ya wagonjwa. Mwanza, Kisumu na Kampala tunashindwaje?

Wazazi, pimeni watoto mapema.

*Katibu Mwenezi, Tawi la Kirumba*