TAHARIRI: Ukuaji wa uchumi usiohesabu ziwa

Kila serikali hujisifu kwa ukuaji wa uchumi, na siku hizi hapana mpango wa maendeleo usiotaja neno "endelevu". Sisi tunauliza: kinachoendelezwa ni nini, na kwa maslahi ya nani?

Wataalamu wa elimu ya jamii na mazingira wamehitilafiana katika suala hili. Mmarekani Allan Schnaiberg, katika kitabu chake cha mwaka 1980, aliufananisha uzalishaji wa kisasa na gurudumu lisilosimama: mtaji hudai faida, faida hugeuka mtaji mpya, na kila mzunguko hudai maliasili zaidi. Waholanzi Arthur Mol na Gert Spaargaren wao walihoji kuwa teknolojia na sheria bora zaweza kuupatanisha uchumi na mazingira.

Ziwa Victoria ni shahidi wa hoja zote mbili. Sangara, aliyepandikizwa humo kuanzia miaka ya 1950, alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu viliongezeka Mwanza na fedha za kigeni zikaingia. Lakini minofu ilipelekwa Ulaya, na wenyeji wengi wakabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Aidha, furu hukaushwa juani, ilhali sangara, kwa wingi wa mafuta yake, hukaushwa kwa moto. Na kuni hizo ni miti.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Ukaguzi ukaimarishwa, na mwaka 2000 soko likafunguliwa. Hapa pana mazingatio. Mnunuzi alipodai samaki salama, alipatiwa. Ama kushiba kwa mtoto wa mvuvi, na idadi ya samaki waliobaki majini, hayo hayakuwa masharti ya soko.

Hivyo basi, teknolojia hulinda kinachohesabiwa. Kisichohesabiwa huangamia kimya kimya.

Mfanyabiashara anayekula mtaji wake akauita faida, amefilisika ingawa hajajua. Tunazitaka wizara zitangaze hali ya samaki waliobaki ziwani pamoja na tani zilizouzwa nje, na wavuvi washirikishwe kuamua kiasi cha kuvua. Ziwa ni amana ya vizazi vijavyo. Ukuaji unaoila amana hiyo tusiuite maendeleo.