Tunamchambua Kazimoto, Tunampuuza Jirani

Ni nadra mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuhitimu bila kukutana na Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayejiua katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Tunaandika insha juu ya udhanaishi wake, tunapata alama, tunafunga kitabu. Aghalabu hatuulizi: waliokuwa karibu naye walifanya nini?

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile linalopakana na Migori na Homa Bay. Huku kwetu pia kuna vyuo vikuu, Rongo na Tom Mboya, na wapo wanafunzi wanaoishi katika vyumba vya kupanga. Mtu anapozidiwa usiku, wa kwanza kumsikia ni mwenzake wa chumba. Mshauri wa chuo huja baadaye.

Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilimziba mdomo aliyezidiwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Nani angekiri jambo ambalo lingempeleka kizimbani? Sheria imebadilika, ila ndimi zetu bado. Mwenzetu akisema amechoka kuishi, tunamwita mzembe, mwenye pepo au mtafuta huruma.

Rai yangu ni kwamba tumuulize waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Tumsikilize pasi na mahubiri, tusimwache peke yake, tumwondolee chochote kinachoweza kumdhuru, kisha tumsindikize kwa mshauri au hospitalini. Siri ya namna hii haifai kutunzwa.

Yamkini msomaji atauliza: je, anayetishia wengine? Aliyeshika panga hahitaji mhadhara wa rafiki. Tujitenge naye, tuwaite walinzi, wala tusimzingire kwa kelele na kumpiga picha. Hata hivyo, mara nyingi panga hutanguliwa na maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu. Tuyaripoti mapema, kabla hayajawa vitendo.

Basi kila chama cha Kiswahili kitenge angalau kikao kimoja kwa muhula, mshauri atufunze kusikiliza. Kazimoto hatuwezi kumwokoa, jirani tunaweza.