Maoni: Kilichopotea kinaweza kurudi, kama tulitunza vipimo vyake

Leo naomba tuzungumze juu ya taa. Si taa ya barabarani, wala umeme wa mtaani tunaoulalamikia kila siku. Ni taa ya mapambo iliyokuwa kwenye chombo cha muziki huko Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kampuni ya Wurlitzer iliuza vyombo vikubwa vilivyojipiga vyenyewe. Ndani mlikuwa na piano, filimbi na ngoma. Mpigaji hakuwepo: karatasi ndefu yenye matundu ilipita polepole, hewa ikapenya kwenye kila tundu, na tundu hilo likaamsha sauti yake. Mtu alitia sarafu mkahawani, muziki ukaanza. Baadhi ya vyombo hivyo vilibeba taa iliyoitwa Wonder Light: tufe la vipande vya kioo cha rangi, ampuli ndani yake, na vioo vya kujitazamia vikiurudisha mwanga. Tufe lilizunguka, na rangi zikatembea mbele ya macho ya watu.

Kisha zikaja santuri, sinema zenye sauti, na redio, hii hii tunayoipenda. Vyombo vile vikakosa kazi. Vingi vilibomolewa au kutupwa, na tunajua wote kwamba kioo ndicho kinachovunjika kwanza.

Leo wako mafundi wanaovifufua, na taa ikiwa imepotea huitengeneza upya. Kuna atakayesema hiyo ni kazi ya watu walioshiba. Mimi sikubali.

Tazameni kazi yenyewe. Vioo viwili vikikutana kwa pembe ya digrii 90, kitu kimoja mbele yake kinaonyesha sura 3. Kwa digrii 60 zinakuwa 5, kwa digrii 45 zinakuwa 7. Fundi akikosea pembe, atapata taa nzuri, lakini haitakuwa ile. Kwa hiyo hawezi kukisia. Anatafuta chombo kingine ambacho taa yake ilibaki nzima, anapima, anachora, anatazama picha za zamani. Bila mtu aliyehifadhi kimoja, au aliyeandika kipimo, ufundi wake wote ni bure.

Hapo ndipo taa hii inapotugusa sisi. Jamaa nyingi zilizokimbia vita hapa kwetu ziliondoka na watoto mgongoni na godoro kichwani. Likembe la babu lilibaki ukutani. Ngoma ya kanisa ilibaki. Kiti cha mzee kilibaki, na pengine kimekwisha kuwa kuni. Tunasema: vimekwisha. Lakini kitu hakijakwisha kama bado yuko mtu anayejua kilikuwa na vyuma vingapi, kilichongwa kwa mti gani, na ngozi yake iliwambwa namna gani. Kinakwisha siku mtu huyo anapozikwa bila kuulizwa.

Najua chakula na turubai vinatangulia. Sisemi tuache kuvidai. Ila kumuuliza mzee hakuhitaji franga wala kungoja msaada. Mtoto mwenye daftari na kalamu anaweza kuanza jioni hii: achore, apime kwa shubiri ya mzee, aandike jina la kila kipande kwa lugha ya nyumbani.

Na tukija kutengeneza upya, tuseme ukweli. Fundi mwaminifu hasemi taa yake mpya ni ya kale. Husema: hii nimeitengeneza mimi, kwa kufuata ile. Kusema hivyo si aibu. Likembe jipya halitakuwa na jasho la vidole vya babu, lakini mjukuu atapiga wimbo uleule, na babu, kama bado yupo, atamwambia wapi amekosea.

Basi wamama, wababa, vijana: kabla ya kulala leo, muulizeni mkubwa wa nyumba swali moja tu. Kile kitu tulichokiacha, kilikuwa na ukubwa gani?